Kibe Mbichi na Damu ya Hiyam

Damu ya Hiyam ilikutwa na kingamwili za toksoplazma, kile kijidudu cha nyama mbichi na mavi ya paka. Mimba ilikuwa ya wiki kumi, na miaka mitatu tangu aolewe hapo Zahle, Lebanoni, hajakosa kibe mbichi ya Jumapili, nyama ya kondoo iliyotwangwa pamoja na ngano.

"Nyama yangu inachinjwa asubuhi, naitwanga ingali na joto," akasema Mama Tanios, mkwe wake. "Hicho kijidudu kinaingia saa ngapi?"

"Kinakuwamo tangu kondoo yu hai, mama."

"Miaka arobaini nalisha watu hapa. Nimemzika nani?"

"Nahofia wa tumboni, mama. Mimi mkubwa nitapona."

Mama Tanios akauweka mchi chini.

Rudayna, mpimaji wa maabara, alikuwa amemweleza Hiyam polepole. Kingamwili ni za aina mbili: zinazotangulia na zinazobaki maisha. Yeye alikutwa nazo zote.

"Basi nimeambukizwa juzi tu?"

"Si lazima, dada. Zile za mwanzo huweza kukawia hata mwaka na zaidi. Sasa tutapima zinavyokishika kijidudu. Zikishika kwa nguvu, ni za zamani, kabla ya mimba. Zikilegea, huenda ni mpya, na daktari hatangoja kukupa dawa."

Sampuli ikapelekwa Beirut. Siku nane Hiyam alikula mkate na chai tu.

Siku ya majibu Mama Tanios alimfuata maabara, kavaa viatu vya kanisani. Rudayna akasoma karatasi. "Zimeshika kwa nguvu. Ni za zamani. Mtoto hajaguswa."

Hiyam akamwomba asome tena. Akasoma. Akamwomba tena.

Mama Tanios akaketi. "Kumbe sijamdhuru mjukuu wangu."

"Huyu amebahatika, mama," Rudayna akasema. "Asiyewahi kuupata ugonjwa huu, akiupata na mimba, ndipo balaa. Una binti?"

Mama Tanios alikuwa keshashika simu. "Nayla, kesho uje upimwe damu kabla hujabeba mimba. Usinichekee. Na Jumapili kibe yako naitia ovenini mpaka iive ndani. Ukitaka kununa, nuna."

Hiyam akacheka mpaka akajishika tumbo.