Shangazi Wawili

Mtu akiniibia kitambaa nitanung'unika, kisha nitanunua kingine. Aliyeniibia sura ndiye aliyenipandisha mori.

Ilianza Jumanne, nimeinama kwenye cherehani napiga pindo la gauni la bibi harusi. Mteja wangu mmoja, mwalimu, akaingia na simu mkononi na uso wa lawama. Akaniuliza mbona natafuta mabinti wa kwenda kushona ng'ambo bila kumwambia, na yeye ana mdogo wake amekaa tu nyumbani. Nikamjibu kwamba ng'ambo mimi naijua kwenye ramani tu.

Akanionyesha ukurasa kwenye simu yake. Nilikuwa mimi hasa, mlangoni mwa duka langu, futi ya kupimia shingoni, nimecheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Picha hiyo niliiweka mtandaoni mwenyewe, wazi kwa kila mpita njia. Lakini maneno ya chini sikuyaandika mimi: "Shangazi anatafuta mabinti wa kazi ya ushonaji. Nauli bure. Tuma picha yako, utaelekezwa nyumba. Njoo Jumamosi peke yako na usimwambie mtu, wivu usije ukaharibu safari."

Mtaa mzima unaniita Shangazi. Sasa jina hilo lilikuwa chambo.

Binti mmoja alikuwa ameshajibu: "Asante Shangazi, nimeiona nyumba uliyonielekeza. Jumamosi nakuja. Hata mama sijamwambia." Simjui mtoto huyo, lakini alikuwa anakwenda kwa watu waovu akidhani anakuja kwangu.

Hapo nikafanya ujinga kwa bidii zote. Kila mteja aliyekuja kuchukua nguo nilimwambia atukane kwanza, nguo baadaye. Tukaushukia ule ukurasa kwa maneno makali, mwalimu akituongezea yale mazito aliyokatazwa kuyatumia darasani. Kisha tukausambaza: kundi la familia, kundi la kina mama, kundi la wazazi, ili kila mtu awaone mashetani hao. Nikafunga duka nikijiona jemadari.

Kesho yake asubuhi wifi yangu akapiga simu. Huyu ni dada wa mume wangu, anafanya kazi katika ofisi inayopokea ripoti za maovu ya mtandaoni. Hatupitani bila kuchokozana. Mimi humwambia analipwa kwa kuchezea simu, naye husema mimi nalipwa kwa kuchelewesha nguo za watu.

"Wifi, hongera," akasema. "Umewatangazia biashara yao kuliko walivyoweza wenyewe."

"Mimi? Mimi nimewatukana."

"Mtandao haujali matusi. Ukiona watu wamejaa mahali, unawaletea na wengine. Jana waliokuwa wameiona ni wachache. Leo hata bosi wangu kaiona."

Wifi akasema ukimya wangu angetamani kuurekodi.

Mchana akaja dukani, akasukuma vipande vya vitambaa, akakaa karibu na meza ya pasi. Akanielekeza nipige picha za skrini kabla ya lolote, nichukue kiungo cha ukurasa, niuripoti palepale ulipo, halafu ofisini kwao na polisi. Nisijibu tena, nisisambaze tena, na makundi yote niyaombe yafute. Kwenye kundi la familia ilikuwa kazi. Shemeji mmoja alitaka kujua kama anaweza kubaki na nakala moja ya kumbukumbu.

Alhamisi ukurasa ukaondolewa. Tukapiga vigelegele duka zima. Katikati ya vigelegele nikamkumbuka yule binti. Ukurasa umetoweka, lakini nyumba ilikuwa palepale, na anayeijua ni yeye na wale waovu tu.

Jina analotumia lilibaki kwenye zile picha za skrini. Nikamwandikia: "Mwanangu, mimi ndiye Shangazi wa kweli. Wale ni matapeli. Usiende Jumamosi. Mwambie mama. Huniamini, piga namba hii." Nikaweka namba ya ofisi ya wifi. Kimya. Nikaandika tena. Nikatuma sauti. Nikamtumia na picha yangu, ileile. Akanizuia nisiweze kumwandikia tena.

Ijumaa sikushona kitu cha maana. Nilishona mkono wa kulia upande wa kushoto, nikaufumua. Mume wangu akaniletea chai, nikamwambia chai haitasaidia kitu, akakaa akainywa yeye.

Jioni simu ikalia. Wifi, kwa sauti ya kiofisi.

"Naongea na fundi anayejiita Shangazi?"

"Wifi, leo usinitanie, tafadhali."

"Mama, tumepokea ripoti dhidi yako."

Nikakaa juu ya mashati ya watu, yaliyopigwa pasi.

"Mwenyewe amenipa ruhusa nikusomee," akasema. "'Kuna Shangazi wawili wananigombania, na wote wana sura moja. Mmoja anataka niende nisimwambie mtu. Mwingine anataka nisiende, na hachoki kuniandikia. Nimeshindwa kujua yupi ni yupi, nikamwonyesha mama. Mama kasema siendi kokote, na wote wawili niwaripoti. Nyumba niliyoelekezwa ni hii hapa.' Anwani tumeshawapa polisi, wifi. Wamekwenda."

Machozi yalinitoka na kicheko kikanitoka, vyote kwa pamoja, na mume wangu akasimama mlangoni asijue ashike kipi.

"Na mimi mnanifanya nini?" nikauliza.

"Uko chini ya uchunguzi," akasema, kisha sauti ya kiofisi ikamshinda, akaangua kicheko.

Nikamwomba amfikishie binti salamu zangu. Amwambie amefanya vizuri kunishtaki, na asinifungulie njia ya kumwandikia mpaka mama yake aje dukani anione kwa macho yake.