Siku Wagonjwa Walipofichwa

Kufikia saa nne asubuhi Matrida alikuwa amehudumia wagonjwa wanane tu, na hilo lilimtia wasiwasi. Siku ya kliniki watu hufika alfajiri, kila mmoja akaweka daftari lake la matibabu kwenye benchi kushika foleni. Yakiwa chini ya hamsini, hushukuru. Leo yalikuwa matatu.

Na leo ndiyo siku aliyoihitaji foleni kuliko zote. Isaya, mpima ubora wa huduma kutoka Musoma, alikuwa ameketi mlangoni na kishikwambi chake, akihesabu dakika za kusubiri na kuwahoji watu wanapotoka. Tangu mwenzake ahamishiwe Bunda, mwaka sasa, Matrida alikuwa peke yake pale zahanati: anapima, anachoma sindano, anazalisha, anapiga deki. Kila alipoandika kuomba nesi wa pili alijibiwa asubiri matokeo ya upimaji. Wanawe wawili walikuwa Buhare kwa dada yake. Yule mdogo alishaacha kuuliza mama anarudi lini.

"Sista, hongera," Isaya alisema. "Wastani wa kusubiri, dakika kumi na mbili. Walioridhika, asilimia mia."

"Umewauliza nini?"

"Kama wanakaaga sana kusubiri. Wamesema hapana. Mama mmoja amesema hapa wanapewaga mpaka chai."

"Chai ya nani?"

Isaya alicheka. Matrida aliuliza, "Na nesi wa pili?"

"Kwa alama hizi? Sista, manesi wanapelekwa kwenye shida."

Dirishani alipita Mzee Machibya, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, akiongoza wanawake watatu na kuwanong'oneza kama mwalimu wa zamu. Matrida alitokea mlango wa nyuma, akamkamata kwenye kona.

"Mzee, wagonjwa wako wapi?"

"Tulia, binti yangu. Wako kwenye ghala la pamba. Nawaleta watatu watatu, mgeni asione foleni."

"Nani amekutuma?"

"Nitumwe na nani? Wamekuja kukupima, sisi tukuache ufeli? Hapa hatuangushagi mtu wetu."

Matrida alimtazama yule mzee, koti lake la Jumapili limefungwa vifungo vyote, akakosa hata nguvu ya kumgombeza. Akashika njia ya ghalani.

Walikuwa zaidi ya arobaini, wamekaa juu ya magunia. Watoto walikuwa na homa. Mzee Ryoba alikuwa anakohoa ndani ya kofia yake ili asisikike nje. Walipomwona walitabasamu wote kwa pamoja, kama watu waliomfichia zawadi, na tabasamu lile lilimchosha kuliko kazi ya wiki nzima.

"Inukeni. Twendeni mkaseme ukweli."

"Ukweli gani, Sista?" aliuliza Nyangi, mama wa makamo mwenye presha. "We si mzuri!"

"Mzuri wapi? Juzi umekaa mpaka saa tisa, ukaondoka bila kupimwa presha."

"Lakini ulinipa pole."

Watu wakacheka. Ndipo akasimama Wankyo, mtoto mgongoni. Hakuwa amecheka.

"Na mimi niseme, Sista?"

Matrida alijua atakachosema. Angeweza kumwambia abaki amnyonyeshe mtoto, na hakuna ambaye angeuliza.

"Na wewe," alisema.

Mlangoni kwa Isaya foleni ilizunguka jengo. Wankyo aliongea bila kumtazama mtu. "Nimejifungulia hapa mwezi wa nne. Sista alikuwa chumba kile anamshona mtu wa pikipiki. Nimemwita mara tatu. Akanijibu nibane, yeye siyo mashine. Mtoto nimemdaka mwenyewe."

"Wankyo!" Mzee Machibya aliruka. "Umetuharibia!"

"Mzee, kaa chini," Matrida alisema.

Isaya aliondoa kidole kwenye kioo cha kishikwambi. Alishusha sauti. "Sista, ni kweli hii? Nikiingiza, barua ya onyo itakuja. Nesi siwezi kukuahidi. Onyo ni lazima."

"Ni kweli. Yule wa pikipiki alikuwa anavuja damu, nisingemwacha. Ila maneno nilisema, na sikumwomba radhi." Akamgeukia Wankyo. "Nisamehe, mama."

Wankyo alimweka mtoto sawa mgongoni. "Na wewe usinichukie."

"Sikuchukii."

Isaya aliandika kwa muda. "Siku ile ulikuwa kazini tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi ya jana yake."

Isaya alitafuta mahali pa kuingiza hilo. Dodoso liliuliza kuhusu vyoo, maji, bango la mkataba wa huduma, funguo za kabati la dawa. Alipandisha ukurasa, akashusha. "Hakuna pa kuandika, Sista. Linauliza kama muuguzi yupo au hayupo. Basi."

"Basi kaa," Matrida alisema, akivaa glavu. "Kaa mpaka nitakapofunga, uhesabu mwenyewe."

"Nina zahanati nyingine mbili leo, Butiama."

Matrida alikuwa ameshamshika mkono Mzee Ryoba, anamwingiza ndani. Isaya alitazama ile foleni mpaka ilipokatia kwenye kona, akatazama gari lililomleta, lililokuwa likinguruma barabarani. Kisha akampungia dereva azime injini.