Nani Aligonga Ghalani

Wenzangu wanaoandika vitabu hujifunza kupanga visa chuoni. Mimi nilijifunza kijijini Tlawi, kwa sababu ya upweke, na sioni aibu kusema.

Nilihamishiwa huko kutoka Songea miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mwalimu wa kike, sina mume, sina mtoto, na mdomo wangu hauna breki. Baridi ya Mbulu usiombe! Jioni ukungu ukishashuka, kila mtu anajifungia kwake na moto wake, na watu wanazungumza Kiiraqw, ambacho sikujua hata cha kuombea chumvi. Nilikuwa naongea na sufuria. Kweli kabisa, nilikuwa naigombeza sufuria.

Ndipo Natalia akaanza kuja. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, binti mdogo tu. Mumewe Joakimu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano huko Basotu, harudi mpaka mavuno yaishe. Baada ya darasa Natalia alipita kwangu na mtoto wake Philemon mgongoni, akanywa chai, nami nikamsomea riwaya niliyokuwa naiandika. Wakati ule nilitaka kitu kimoja tu duniani: kesho yake arudi.

Mwanzoni nilikuwa namwaga kila kitu. Juliana, msichana wa riwaya yangu, ameachiwa shamba na marehemu baba yake, na baba yake mdogo analitaka. Ukurasa wa pili tu nikasema baba mdogo ndiye aliyemuua. Natalia akamaliza chai. "Haya mwalimu, lala salama." Akaenda zake, na kesho yake sikumwona.

Ala! Kumbe. Nikafuta. Baba mdogo sasa akawa mtu mwema, analeta sukari na maneno matamu, ila mbwa wa pale nyumbani akimwona anaingia uvunguni. Natalia, aliyekuwa ameshasimama, akakaa tena.

"Mbwa ameona nini?"

Nikafunga daftari. "Kesho."

Basi nikaupata mchezo. Swali moja nalijibu, jingine nalifungua kabla chai haijaisha. Nikitaka Natalia azidi kukaa, nampunguzia Juliana pa kukimbilia: leo rafiki yake anahama, kesho mvua inabomoa daraja. Natalia alinilaumu huku akicheka. "Mwalimu, una roho mbaya wewe. Mwache apumzike hata kidogo." Nami namwongezea chai.

Jioni moja nikamficha Juliana kwenye ghala la mahindi, gizani, baba mdogo anamsaka. Mlango ukagongwa. Nikafunga daftari.

"Nani amegonga?" Natalia akauliza. Philemon alikuwa anakohoa mgongoni. Akawa anambembeleza huku macho yake yako kwangu. "Mwalimu, nani?"

"Kesho," nikasema.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa, na darasani hakuonekana. Nikajua sura ile imemchosha. Nikaiandika upya. Nikatia moto ghalani, nikaona hautoshi, nikaleta chui. Chui! Ghala la mahindi na chui, wapi na wapi? Nikajisomea mwenyewe nikaona haya, na chai ikapoa kwenye vikombe viwili.

Siku nyingine nikamwona njiani na ndoo yake, peke yake. Nikamwita, "We Natalia! Umenisusa?" Akanitazama, akatoka njiani, akaingia kwenye majani marefu na kunipa mgongo mpaka nipite. Hata shikamoo hakuna. Niliwaka! Nilikwenda mpaka shuleni nikiongea peke yangu, makubwa haya, chai yangu kainywa, leo ananikimbia kama nina ukoma. Hasira ilinijaa hata sikujiuliza kwa nini mgongo wake haukuwa na mtoto.

Mwalimu mkuu, Mzee Sulle, mwenyeji wa hapo hapo, alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kumbe hukuambiwa," akasema. "Mtoto wake amefariki. Natalia yuko kwenye metimani."

Akanieleza. Mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya anakaa kando na watu. Haingii nyumba ya mtu, haombi moto kwa jirani, maji anachota mahali pake, na akikutana na mtu anamwachia njia, ili msiba wake usimfuate mwenzake. Ni mpaka wazee waseme imetosha, hata ikiwa ni miezi mingi.

"Padre anakataza, Chama kinakataza," Sulle akasema. "Lakini mke wangu hawezi kumgongea mlango. Natalia hakukususa, mwalimu. Alikuwa anakukinga."

Nikakaa chini. Mtoto alikuwa anakohoa nyumbani kwangu, nami nikasema kesho. Nililia pale pale ofisini, kamasi na yote, wala sikujali.

"Nikisimama mbali nikamsomea, ni kosa?"

Sulle akafikiri. "Kusikia hakujakatazwa."

Nyumba ya Natalia ilikuwa ng'ambo ya korongo dogo. Jioni ile nilisimama upande wangu. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, mikono juu ya magoti, haifanyi chochote.

"Pole, Natalia," nikapaza sauti. "Pole sana, mwanangu."

Nikafungua daftari. Moto nilikuwa nimeutoa, chui nimemfukuza, na mlangoni nilikuwa nimemweka shangazi mmoja mwenye taa, amtoe Juliana ghalani na yaishe. Sikuwa na moyo wa kumwacha mtu gizani tena. Nikaanza kusoma kwa sauti yangu ya darasani: Juliana akasikia komeo linavutwa, mlango ukaanza kufunguka…

"Basi!" Natalia alikuwa amesimama. "Basi, mwalimu! Usiseme!"

"Ni mtu mwema, Natalia! Ngoja nikuambie…"

"Usiseme ni nani!" Sauti ilikuwa imemkauka kwa kukaa bila kuongea na mtu. "Ukisema leo, kesho utakuja kufanya nini?"

Nikafunga daftari.

"Kesho!" nikamwitia.

"Kesho," akajibu, akaingia ndani.

Juliana alikaa ghalani msimu mzima wa baridi. Nilimletea panya, nikamletea mvua, nikamfanya akumbuke utoto wake wote, na kila jioni mlango uligongwa na haukufunguka. Shangazi na taa yake aliingia siku wazee waliposema imetosha, Natalia akiwa ameketi jikoni kwangu na kikombe mkononi.

Miaka baadaye mhariri mmoja wa Dar es Salaam aliniambia sura ya ghala ni ndefu mno, inachosha, niikate. Nilimwambia aache kitabu changu kama kilivyo, la sivyo anirudishie. Sikukata hata jioni moja.