Nyumba Iliyomfuata Wakili

Jumamosi asubuhi Katibu Maximilla Khisa alikuwa akipiga mswaki nyumbani kwake Milimani, mjini Kakamega, mlinzi wake Lusweti alipogonga dirisha na kusema kuna nyumba getini.

"Nyumba ya nani?"

"Ya Awinja wa Buyangu. Mwenyewe yuko ndani, anapika chai."

Maximilla alitema povu. "Ifungulie."

Nyumba iliingia kwa ubavu kwa sababu geti lilikuwa jembamba. Ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, paa la mabati, na ilikuwa imechoka. Ilikuwa imetembea kutoka Buyangu ikifuata barabara kuu. Boda boda ziliipisha, na kwenye kizuizi askari waliiambia ikae kushoto. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na alama za meno ya tingatinga. Ilijitafutia mahali kando ya tangi la maji, ikatulia.

Kabla ya kuwa Katibu wizarani, Maximilla alikuwa wakili, tena hodari. Watu wa mpakani mwa msitu walipotishiwa kufukuzwa, yeye ndiye aliyewatetea mahakamani, na Awinja ndiye aliyekuwa shahidi wake wa kwanza. Siku waliposhinda walimbeba juujuu hadi kijijini. Alisimama mbele ya nyumba ya Awinja, akashika kipaza sauti, akasema kwamba tangu siku hiyo hakuna atakayeigusa.

Sauti hiyo ilisikika hadi Nairobi. Akaitwa, akapewa cheo, gari na dereva. Miaka ikapita. Kisha ikaamuliwa kwamba pale mpakani pajengwe hoteli ya watalii, na amri ya kuwahamisha watu ikaletwa mezani kwake. Hukumu ile aliijua kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyeipigania. Kwa hiyo alijua pia pa kupitia ili kuizunguka. Alitia sahihi kabla ya chakula cha mchana.

Sasa aliinama mlangoni, akaingia, akaketi kwenye kigoda.

"Mulembe, mwanangu," Awinja alimsalimu.

"Mulembe, Kukhu," Maximilla alijibu, akimwita bibi kwa Kiluhya. "Umekuja kunishtaki?"

"Hapana. Mimi nilikuwa nimefunga mizigo niende kwa dada yangu Navakholo. Nyumba ndiyo ilikataa. Siku ile ukiongea ilikusikia. Tingatinga ilipoanza, ikasimama, ikashika njia ya kuja kwako. Si wewe ndiye wakili wetu?"

Maximilla alingoja atukanwe. Angetukanwa, angejua la kujibu. Ndiyo kazi aliyosomea. Lakini Awinja alimmiminia chai na kumsogezea sahani ya viazi vitamu.

"Hiyo amri, unaweza kuirudisha?"

"Imeshapita, Kukhu."

"Haya. Kunywa chai, inapoa."

Alikunywa.

Wiki zilizofuata nyumba nyingine zilikuja. Baadhi hazikuwa na paa. Moja ilikuwa mlango tu na mafiga, na mwenyewe, Navalayo, alifunga mlango huo kila alipotoka. Mume wa Maximilla, Mike, alilalamika kuhusu moshi. Pasta alikuja kuziombea. Watu wa manispaa nao walikuja na rangi, wakaziandika namba. Kila Jumamosi Maximilla alizipitia moja moja, akisalimia, na kila mlango alikaribishwa aketi. Hakuna aliyemuuliza neno. Alirudi kwake, akaoga muda mrefu, na bado nguo zake zilinukia kuni hata wizarani, ambako wenzake walidhani ni manukato mapya.

Aliazimia kujiuzulu. Alifika hadi mlangoni kwa Waziri. Watu waliokuwa wakingoja pale wakasimama wote kwa heshima, wakamwita Mheshimiwa, naye akauliza tu kama Waziri ameshakunywa chai.

Mwezi wa tatu tangu nyumba ya kwanza ifike, ikaletwa amri nyingine. Safari hii ilihusu familia za wakulima wa miwa Shianda, ambao ardhi yao ilitakiwa kwa kiwanja cha ndege. Aliisoma yote. Alivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena, akatia sahihi. Kisha akampigia simu Lusweti.

"Ng'oa yale maua ya mbele," alisema. "Nyumba za Shianda ni kubwa."

Lusweti aliuliza kama zitakuja na ng'ombe.

Maximilla alifunika kalamu yake.

"Acha nafasi ya ng'ombe," akasema.