Mafundi Kumi wa Baba

Natangaza kwa heshima zote kwamba mwaka 1956, nikiwa na miaka kumi na mitano na Kifaransa cha bweni, nilimpatia baba yangu mafundi watano zaidi bila kuinuka kwenye kiti.

Baba, fundi Kadiri, alikuwa seremala wa mapaa. Kwa miaka saba alifanya kazi Bukavu, mwisho kabisa wa ziwa, akawa anakuja kwetu Gisenyi wakati wa Idi tu. Akija, alibisha hodi kwenye mlango aliouranda kwa mikono yake. Mama alimpa chai katika kikombe cha wageni, kisha akaingia jikoni kugombana na masufuria. Koti la zamani la baba lilibaki msumarini, nami nilikuwa nikilivaa kwa siri. Lilinienea kabla yeye hajapata kuniona likinipwaya.

Mwaka huo Mwitaliano mmoja alipewa kandarasi ya maghala ya kahawa, akatafuta mafundi wa kuchukua vipande vya kazi chini yake. Paa peke yake lilikuwa kazi ya mwaka na nusu.

"Nikilipata, Bukavu basi," baba alisema.

Jioni ile mama alimletea chai katika kikombe cha kila siku.

Masharti yalibandikwa ukutani kwa karani wa Mwitaliano, aitwaye Mbonigaba. Fundi anayeomba kazi alete orodha ya wafanyakazi wasiopungua kumi. Kila mmoja apimwe, achanjwe ndui na apewe blanketi. Baba alikuwa na watu watano. Kurani aliisoma vizuri, Kifaransa hapana.

"Andika watu wangu," akaniambia. "Hao wengine niachie mimi."

Sikumwachia. Mafundi wa mtaa wetu wote wana majina mawili, moja walilopewa na wazazi na jingine la msikitini. Basi nikaandika Habiyaremye, na mistari mitano chini yake nikaandika Abdu, ambaye ni Habiyaremye huyo huyo akiwa amevaa kofia. Nikafanya hivyo kwa wote. Walitimia kumi, na naapa hapakuwa na jina hata moja la kubuni. Kisha nikawaeleza mafundi namna ya kupita mara mbili. Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakakubali.

Siku ya ukaguzi baba aliingia ofisini kuzungumza na Mwitaliano. Sisi tukabaki uani na karani na muuguzi.

"Habiyaremye!"

Habiyaremye akasogea, akapimwa kifua, akachanjwa mkono wa kushoto. Akaenda nyuma ya nyumba, akavaa kofia. Wenzake wanne nao wakapita.

"Abdu!"

"Niko, karani."

"Kunja shati." Mkono wa kushoto ulikuwa bado unatoka damu. Muuguzi akautazama, akamtazama na mwenyewe. "We Abdu, nani amekuchanja?"

Jambo hilo sikuwa nimemfundisha. Akababaika. "Ni Habiyaremye ndiye alichanjwa, bwana."

"Bon," akasema Mbonigaba. "Basi Habiyaremye asimame hapa karibu yako, niwaone wote wawili."

Ua mzima ukacheka. Baba akatoka ofisini, uso wake umeng'aa kwa furaha, akakuta kicheko kinakatika.

"Mzee Kadiri," karani akamwuliza, "nani aliandika hii orodha?"

Nikafungua mdomo. Baba akanikanyaga mguu.

"Orodha ni yangu."

"Mutu wa orodha ya uongo hapewi kazi hapa, mzee wangu. Iko kwa masharti."

Akachukua rula na wino mwekundu, akalikata jina la baba taratibu, kama anayeogopa kuchafua karatasi.

Jumamosi asubuhi nilimbebea baba sanduku la vifaa hadi bandari ya Rubona, apande meli ya Bukavu. Mama alisema ana nguo za kufua. Gatini nikamweleza yote, na safari hii sikutia chumvi.

"Mle ndani," akasema, "nilikuwa naomba siku nne za kuleta waliopungua. Watu watano wa hapa Rubona walishaniambia ndiyo. Mwitaliano alikuwa amekubali."

Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayetaja urefu wa ubao.

"Ulitaka nibaki," akasema tena.

"Ndiyo, baba."

"Mimi pia."

Akapanda. Nilikuwa nimeweka tayari mzaha wa kumchekesha akiwa juu ya meli. Akasimama ukingoni, akanitazama, akasubiri; nadhani alijua ninao. Midomo ikakataa. Meli ikageuka kuelekea kusini, nami nikabaki palepale, mpaka wavuvi wakaniomba niwapishe waanike nyavu zao.