Gauni la Binti wa Fundi Kesho

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na jina lilimkaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kushona. Ukimpelekea suruali akupunguzie kiuno, atakupiga danadana mpaka unenepe, ikutoshe hivyohivyo.

Sasa danadana zilikuwa zimeingia nyumbani kwake. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na kitambaa cha gauni la harusi kilikuwa bado kwenye mfuko juu ya kabati la kibanda chake cha kushonea. Wateja wengine aliwatungia visingizio. Kwa hili hakuwa na kisingizio; aliogopa tu kulitia mkasi.

Kilichomtia shaka ni kimya. Mkewe, ambaye akigomba majirani huzima redio wasikilize, siku hizi hakuuliza kitu. Binti naye kila akimwona hutabasamu: "Usijali, baba."

Usijali! Mtu anayedai gauni hasemi usijali. Hawa wana lao jambo, aliwaza.

Jumatano mchana alijifanya anaazima uzi kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Yule fundi alimwona akakimbilia pazia, lakini alichelewa. Kwenye sanamu kulikuwa na gauni jeupe, bega la kulia limetiwa sponji kidogo. Fundi Kesho alilisogelea. Bega lile la binti yake lililoshuka alilijua. Alikuwa akilishonea tangu sare ya chekechea.

"La nani hilo?"

"La mteja."

"Mteja gani?"

"Ah, fundi mwenzangu! Mimi nakuuliza habari za wateja wako?"

Alitoka bila uzi. Wivu ulimchoma, aibu ikamchoma zaidi. Alifika kibandani, akashusha mfuko, akatandaza kitambaa na kukikata. Mteja mmoja alipokuja kuulizia suruali yake, alijibiwa, "Sijaigusa." Masikini, aliyezoea kudanganywa, aliondoka ameduwaa.

Fundi Kesho alishona siku hiyo na iliyofuata, huku akichungulia barabarani kila mara, asije mkewe akavuka kwenda kulichukua lile jingine.

Ijumaa asubuhi alilipeleka nyumbani. Binti alilivaa, zipu ikapanda bila kubana pumzi. Mama mtu akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka.

Lakini roho ya baba haikutulia. "Na lile la ng'ambo ya barabara?" aliuliza, akimkazia macho mkewe.

"Usimtazame mama. Ni mimi niliyelipeleka," binti alisema. "Nilimwambia yule fundi asilimalizie upindo mpaka leo jioni. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Furaha ilimpanda fundi mpaka kooni. Kumbe hakusalitiwa! Mwanawe alikuwa na imani naye muda wote.

"Kwa hiyo ulijua kwamba nitamaliza," alisema, akicheka.

Binti alimshika mkono, taratibu, kama mtu asiyetaka kumuumiza.

"Hapana, baba. Sikujua."