Vidoa Vitatu

Wepukhulu alikuwa ameshaifungua printa ya rangi, na Risper amesimama nyuma yake akihesabu skrubu.

"Sita," Risper akasema. "Nimeziona, fundi. Nyinyi wa Kawangware mna mkono mrefu."

"Sita, madam. Ukitaka, zikalie."

Hakuna kinachochosha kama kufanya kazi huku unashukiwa. Wepukhulu alikuwa ametembea kutoka Kawangware bila chai, hadi chumba hiki cha Kianda, ndani ya Kibera, ambamo Risper huchapisha kadi za harusi na matanga. Aliambiwa kila karatasi inatoka na vidoa vitatu vyeusi upande wa kulia. Alipoomba aone moja iliyoharibika, Risper akasema amezichoma zote. Nani huchoma karatasi Kibera, ambako hata daftari kuukuu hufungiwa mandazi?

Akachapisha ukurasa wa majaribio, akapima kwa rula. Kidoa hadi kidoa, sentimita tisa na nusu. Doa likirudi kwa hatua moja namna hiyo, fundi habahatishi. Dramu, ile silinda ya ndani inayochapa karatasi, imekwaruzwa mahali pamoja, na kila ikizunguka inaacha alama.

Lakini vidoa hivi alikuwa ameviona mahali. Mfukoni alikuwa na barua ya mkewe, Phanice: ruhusa ya kibanda karibu na Soko la Toi, yenye nembo ya rangi na muhuri. Wiki iliyopita askari walikibomoa kibanda wakidai barua ni bandia. Risper alipogeuka kumhudumia mteja, Wepukhulu akaifunua. Vidoa vitatu, upande wa kulia. Tisa na nusu. Tisa na nusu tena. Hasira ikampanda.

Alikuwa ndiyo kwanza ameirudisha barua mfukoni, akaingia Khamala, karani wa ofisi ya vibanda aliyempa Phanice barua hiyo kwa mkono wake. Wepukhulu alimjua kwa sura. Khamala hakumjua.

"Niaje Risper, hizo alama zimeisha?"

Risper akamkonyeza anyamaze, lakini Khamala alishageukia fundi.

"Unaitwa nani, boss?"

"Wepukhulu."

"Kumbe mtu wa nyumbani! Jina la kwetu hilo. Basi maliza haraka, ndugu yangu. Kuna kazi ya ofisi inangoja. Nataka karatasi safi, hata mtu akichungulia na miwani asione kitu."

Wepukhulu akainama. Angemshtaki wapi? Malalamiko yote ya vibanda yalipitia meza ya huyu huyu Khamala.

Akaweka dramu mpya, akachapisha. Khamala akaipeleka karatasi mlangoni penye mwanga, akacheka kwa furaha.

"Hii sasa ni kazi!"

"Bado kupangusa vumbi," Wepukhulu akasema.

Akawapa mgongo, akaifungua printa tena. Kwa ncha ya bisibisi aliigusa dramu mara moja, ukingoni kabisa, mkwaruzo mdogo kuliko punje ya wimbi. Kisha akafunga.

Risper akahesabu. Skrubu zote sita zilikuwa mahali pake. Hata hivyo akamfungulisha mkoba, akapekua, akamrudishia.

"Usikasirike, fundi. Siku hizi hujui nani wa kuaminiwa."

"Ni kweli, madam."

Kabla ya kufika Barabara ya Ngong alisimama, akaandika nyuma ya barua ya Phanice: *Tisa na nusu. Kulia, ukingoni.* Hakujua atamwonyesha nani. Lakini kila barua ambayo Khamala angetoa kuanzia leo ingekuwa na alama, na alijua pa kuitafuta.